Shahidi wa Oda: Historia ya Mabadiliko ya Kiotomatiki ya Hali za Oda, kutoka Ghala la Chicago hadi Duka la Mtandaoni la Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mtu anayenunua bidhaa katika duka la mtandaoni hukutana na neno moja au mawili yanayoeleza hali ya oda yake: Inasubiri Malipo, Inashughulikiwa, Imekamilika, Imefutwa. Maneno haya hubadilika pasipo mtu kuonekana akiyabadilisha. Mnunuzi huyasoma kama habari. Muuzaji huyasoma kama maelekezo ya kazi, na mhasibu huyasoma kama msingi wa hesabu za mwisho wa mwezi. Pakitokea mgogoro, yeyote anayeombwa kuusuluhisha huyasoma kama ushahidi. Ni matumizi haya ya mwisho yanayoishughulisha insha hii.

Ni kawaida kuieleza historia ya uotomatishaji wa biashara kama historia ya kasi: kazi iliyomchukua karani siku nzima sasa hufanyika kwa nukta chache. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha jambo la msingi bila kuguswa. Kila badiliko la hali ya oda ni kauli, na kila kauli ina shahidi. Karani aliyeandika "umetumwa" katika daftari alikuwa ameuona mzigo ukitoka mlangoni, au alimwamini mwenzake aliyeuona. Programu ya kompyuta haiuoni mzigo. Hupokea ishara kutoka mahali pengine, nayo huichukulia ishara hiyo kuwa ndilo tukio lenyewe. Kwa hiyo, kuotomatisha hali ya oda ni kumbadilisha shahidi, na swali la kihistoria ni hili: mashahidi hao wapya walipatikana lini, wapi, na kwa mfuatano upi?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mfuatano huo haukuwa mmoja kila mahali. Nchini Marekani, shahidi wa safari ya mzigo alipatikana kabla ya shahidi wa malipo ya mtandaoni. Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: malipo yalipata shahidi imara wa kielektroniki tangu mwaka 2007, ilhali mzigo wenyewe, kwa sehemu kubwa, bado husafiri kwa uaminifu wa watu. Programu zinazoendesha maduka ya mtandaoni hazikuitarajia tofauti hiyo, na gharama yake humwangukia mnunuzi au muuzaji mdogo.

2.0 Robo Saa ya Chicago

Duka la mtandaoni limerithi mengi kutoka biashara ya kuagiza bidhaa kwa posta, na mfano maarufu wa biashara hiyo ni ule wa Sears, Roebuck ya Marekani. Richard Sears alianza kuuza saa za mfukoni mwaka 1886 katika jimbo la Minnesota. Kufikia mwaka 1893 kampuni ilikuwa na jina la Sears, Roebuck, na makao yake yakaimarika Chicago. Wateja wake wengi walikuwa wakulima waliokaa mbali na miji. Huduma ya serikali ya kuwapelekea watu wa vijijini barua hadi nyumbani ilianza mwaka 1896, na ile ya vifurushi vya posta ilianza Januari 1, 1913. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1906, kampuni ilifungua jengo jipya upande wa magharibi wa Chicago, lenye ghorofa ambazo jumla ya eneo lake lilizidi futi za mraba milioni 3.

Ukubwa huo ulileta tatizo ambalo msomaji aliyewahi kufanya kazi katika duka la mtandaoni atalitambua mara moja. Barua moja ya mkulima ingeweza kuagiza viatu, sufuria na hatamu za farasi, na kila kitu kilikuwa katika idara yake, ghorofa yake, chini ya karani wake. Ni lini oda hiyo ingehesabiwa kuwa imetimia? Jibu lililotolewa chini ya usimamizi wa Otto Doering lilikuwa ratiba. Kila oda ilipoingia ilipangiwa kipindi cha robo saa ambacho bidhaa zake zote zilitakiwa kuwa zimefika katika chumba cha kukusanyia mizigo. Kipindi kikipita, oda iliendelea na safari yake na vilivyokuwapo. Kilichochelewa kilitumwa peke yake, na gharama ikabebwa na idara iliyochelewa.

Ratiba ya Doering kwa kawaida hutajwa kama ndugu wa mbinu za uzalishaji viwandani. Kwa insha hii umuhimu wake ni mwingine. Hapakuwa na karani aliyeuliza, "Je, vyote vimefika?" kisha akasubiri jibu. Saa ya ukutani ndiyo iliyoihamisha oda kutoka hali moja hadi nyingine. Muda uliopita ulihesabiwa kuwa tukio, sawasawa na kuwasili kwa jozi ya viatu. Kanuni hii itaonekana tena karibu karne moja baadaye ndani ya programu za maduka, ikiwa imevuliwa jambo moja lililoifanya iwe ya haki: kule Chicago, aliyechelewa ndiye aliyelipa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba hali ya oda ilikuwa mali ya ndani ya kampuni. Mkulima hakuijua. Alituma fedha, akasubiri, na siku moja mzigo ulifika kwenye stesheni ya treni. Hakuwa na neno la kulisoma na kulitilia shaka.

3.0 Lugha ya Mashine

Kabla ya kufuata njia ya mzigo, inafaa kugusa kwa ufupi asili ya wazo la "hali" katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 1955 George Mealy, na mwaka 1956 Edward Moore, wote wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha kazi zilizoeleza mashine yenye idadi maalumu ya hali, ambayo huhama kutoka hali moja kwenda nyingine kulingana na ishara inayopokea. Hawakuwa wakifikiria maduka. Hata hivyo, programu ya kisasa ya oda ni mashine ya aina hiyo, na imerithi upungufu wake: mashine haikumbuki chochote kuhusu yaliyopita isipokuwa kile kilichobebwa na hali iliyomo sasa. Karani hukumbuka kwamba mteja fulani alipiga simu jana akiwa na wasiwasi. Mashine hukumbuka kwamba oda "inasubiri".

Wazo la pili ni la muamala. Katika makala yake ya mwaka 1981, Jim Gray alieleza muamala wa kanzidata kama kitendo kinachofanyika chote au kisifanyike kabisa, na akalihusisha wazo hilo na sheria ya mikataba. Uhusiano huo hausisitizwi vya kutosha katika ufundishaji wa somo la kanzidata. Wataalamu walipohitaji kueleza mashine ifanye nini, walikwenda kuazima kwa mawakili na mashahidi wao.

4.0 Shahidi wa Safari

Aprili 17, 1973, kampuni ya Federal Express ilianza kusafirisha vifurushi kwa ndege kutoka Memphis. Usiku huo wa kwanza ndege 14 zilibeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Kampuni iliyowaahidi wateja kwamba mzigo utafika kesho yake ilijikuta ikiulizwa swali jipya, yaani mzigo uko wapi sasa hivi. Mwaka 1979 ilianzisha mfumo wa kompyuta ulioitwa COSMOS ili kufuatilia mizigo kutoka kituo kimoja. Mwaka 1986 ikawapa wafanyakazi wake kifaa cha mkononi cha kusoma msimbopau, SuperTracker. Mwaka 1994 mteja aliweza kuitazama taarifa hiyo mwenyewe kwenye tovuti.

Msimbopau wenyewe ulikuwa na historia ndefu zaidi. Hataza ya Norman Woodland na Bernard Silver ilitolewa mwaka 1952, na bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa UPC, pakiti ya chingamu, ilisomwa na mashine dukani huko Troy, Ohio, Juni 26, 1974. Lakini dukani msimbo ulijibu swali la bei. Mikononi mwa mpeleka mizigo ulijibu swali la mahali na wakati. Mtu aliyeugusisha mwanga wa kifaa kwenye kifurushi alikuwa akitoa ushahidi, apende asipende: mimi nilikuwa hapa, saa hii, na kitu hiki kilikuwa mbele yangu. Mwaka 1991 kampuni ya UPS iliongeza saini ya mpokeaji iliyochukuliwa kielektroniki, na hivyo shahidi wa pili akaitwa.

Mashirika ya posta nayo yalifuata njia hiyo kwa namna yao. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, umeweka utambulisho wa mzigo wenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi. Umeweka pia orodha ya matukio ambayo nchi hujulishana: kupokelewa kwa mzigo, kuondoka, kuwasili nchi ya pili, jaribio la kukabidhi lililoshindikana, na kukabidhiwa. Tukio la jaribio lililoshindikana linastahili sifa. Waliolibuni walijua kwamba kati ya "umefika" na "umepokelewa" kuna nafasi ambamo mambo mengi huharibika, nao wakaipa nafasi hiyo jina lake. Programu nyingi za maduka hazina jina hilo.

5.0 Shahidi wa Malipo

Amazon ilipofungua duka lake la vitabu Seattle mnamo Julai 1995, kompyuta ziliwekwa zilie kengele kila oda ilipoingia. Baada ya muda mfupi kengele ilizimwa kwa kuwa haikunyamaza. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa lengo la kuonyesha ukuaji wa haraka. Kinaonyesha pia mwisho wa zama: zama ambazo mtu alisikia oda ikiingia, akainuka.

Kilichokosekana bado ni njia ya duka dogo, lisilo na uhusiano wa moja kwa moja na benki, kujulishwa na mtu wa tatu kwamba fedha zimelipwa. PayPal iliitoa njia hiyo kupitia utaratibu wa taarifa ya papo kwa papo ya malipo. Utaratibu wake unafaa kuelezwa kwa kina kwa sababu ndio uliorithiwa na karibu wote waliofuata. Mnunuzi hulipa kwenye tovuti ya PayPal. Seva ya PayPal hutuma ujumbe kwa seva ya duka. Duka haliruhusiwi kuuamini ujumbe huo mara moja. Linaurudisha kama ulivyo kwa PayPal na kuuliza kama kweli umetoka huko. Likijibiwa kwamba umethibitishwa, ndipo hubadilisha hali ya oda. Duka lisipoonyesha kwamba limeupokea ujumbe, PayPal huutuma tena na tena kwa siku kadhaa. Kwa kuwa ujumbe uleule unaweza kufika mara mbili, duka lina wajibu wa kuangalia kama namba ya muamala huo imewahi kushughulikiwa, lisije likatuma bidhaa mara mbili kwa malipo mamoja.

Hapa shahidi anahojiwa. Anaulizwa wewe ni nani, na je, ushahidi huu si ule uliokwisha kuutoa? Mwaka 2007 Jeff Lindsay aliupa utaratibu wa jumla wa aina hii jina la webhook, na jina hilo likaenea. Mahojiano ya shahidi hayakuenea kwa kiwango hichohicho. Kila mtoa huduma aliweka masharti yake, na muuzaji mdogo aliyenunua duka lililokwisha kutengenezwa hakuwa na namna ya kujua kama duka lake huhoji au humeza tu.

6.0 Maneno Matatu, Kisha Saba

Programu ya osCommerce, iliyoanza Ujerumani mwaka 2000, ilikuja na hali tatu za oda: inasubiri, inashughulikiwa, imekabidhiwa. Muuzaji alizibadilisha kwa mkono. Neno la tatu lilikuwa neno la mzigo. Lilidai kwamba kitu kimefika. Magento, iliyotolewa mwaka 2008, ilitenganisha hali ya ndani inayoongoza mashine na jina ambalo muuzaji huweza kulibandika juu yake. Kwa maneno mengine, ilikiri kwamba kile mashine inachojua na kile mteja anachoambiwa ni vitu viwili.

WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011, ilikuja kuwa miongoni mwa programu za duka zinazotumika zaidi duniani. Ilitengenezwa na WooThemes, kampuni yenye makao Cape Town, ikianzia kwenye programu ya Jigoshop kutoka Uingereza. Asili hiyo inatuzuia kutoa maelezo mepesi kwamba mifumo hii ni migeni Afrika na kwa hiyo haifai. Katika programu hii hali za msingi ni saba: inasubiri malipo, imesitishwa kwa muda, inashughulikiwa, imekamilika, imefutwa, fedha zimerudishwa, na imeshindikana. "Imekabidhiwa" imetoweka. Nafasi yake imechukuliwa na "imekamilika", neno ambalo halisemi nini kimekamilika.

Kanuni zake za kiotomatiki zinaeleweka zikisomwa kwa macho ya historia. Malipo yakithibitishwa, oda ya kitu kisichoshikika kinachopakuliwa, mathalani kitabu cha kielektroniki, huenda moja kwa moja hadi "imekamilika". Oda ya kitu kinachoshikika huishia "inashughulikiwa" na kumsubiri mtu. Mpaka hapo mantiki ni safi: mashine inakiri kwamba haina shahidi wa mzigo. Lakini oda ambayo mnunuzi amechagua kuilipia wakati wa kupokea nayo huwekwa katika hali hiyohiyo ya "inashughulikiwa". Hivyo neno moja linabeba oda iliyolipiwa na oda isiyolipiwa. Kwa muuzaji ambaye karibu wateja wake wote hulipa kwa kadi, hilo ni jambo dogo. Kwa muuzaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye sehemu kubwa ya wateja hutaka kwanza waione bidhaa, ni kama kuwa na daftari moja la wadeni na waliolipa bila mstari wa kuwatenganisha.

Kanuni ya mwisho ni ile ya robo saa. Muuzaji anapotumia mfumo wa kuhesabu akiba ya bidhaa, programu hushikilia bidhaa kwa muda uliopangwa, ambao kwa kawaida huwa dakika 60, na baada ya hapo oda isiyo na malipo hufutwa. Saa imerudi kazini kama shahidi. Safari hii hakuna idara inayotozwa kwa kuchelewa.

7.0 Afrika Mashariki: Mfuatano Uliogeuzwa

Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya Machi 6, 2007. Vodacom iliileta Tanzania mwaka 2008. Huduma hiyo haikubuniwa kwa ajili ya maduka ya mtandaoni. Hata hivyo ilimpa kila mtu mwenye simu ya kawaida kitu ambacho mnunuzi wa Marekani hakuwa nacho mkononi: ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa, unaomfikia anayelipa na anayelipwa kwa wakati mmoja. Ujumbe huo ukawa stakabadhi. Watu walijifunza kuuhifadhi, kuupeleka kwa wengine, kuusoma kwa sauti mbele ya muuzaji mwenye mashaka. Ulighushiwa pia, na wauzaji wakajifunza kuangalia salio badala ya kuangalia ujumbe. Utamaduni mzima wa kuhoji shahidi ulijengeka miaka mingi kabla ya maduka mengi ya mtandaoni kuwapo.

Biashara iliyostawi juu ya utamaduni huo ilikuwa ya mitandao ya kijamii. Muuzaji wa Kariakoo aliweka picha, mteja wa mkoani akauliza bei, akatuma fedha, akatuma picha ya muamala, muuzaji akaandika katika daftari. Hali ya oda ilikaa kichwani mwa muuzaji na katika mazungumzo ya simu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini shahidi na hakimu walikuwa mtu mmoja, na aliweza kuulizwa.

Safaricom ilipofungua kiolesura chake cha Daraja kwa watengenezaji wa programu mwaka 2017, mlango wa kuotomatisha ulifunguka kwa duka la kawaida. Duka huweza kusababisha ombi la malipo lijitokeze kwenye simu ya mnunuzi. Mnunuzi huingiza namba yake ya siri. Baadaye ujumbe wa mrejesho hufika kwenye seva ya duka ukiwa na namba ya matokeo, ambapo 0 ni mafanikio na 1032 ni mnunuzi kughairi. Kwa malipo yanayoanzishwa na mteja mwenyewe kuna utaratibu mwingine wenye kipengele cha kuvutia. Duka linapojisajili na kuchagua kuhakiki malipo kabla hayajapita, hutakiwa kuamua mapema: seva yake isipopatikana wakati wa uhakiki, malipo yakamilishwe au yafutwe? Kimya kinapewa maana, na muuzaji ndiye anayeichagua. Katika historia yote iliyopitiwa hapa, ni nadra kukuta swali hili likiulizwa waziwazi namna hii. Ni vigumu vilevile kumpata muuzaji anayekumbuka kwamba aliwahi kulijibu, kwa kuwa mara nyingi fundi aliyemwekea mfumo ndiye aliyelijibu kwa niaba yake.

Mwandishi aliwahi kumsaidia ndugu yake aliyekuwa na duka dogo la mtandaoni la vitenge jijini Dar es Salaam, na tukio moja la wakati huo ndilo lililozaa swali la utafiti huu. Mteja wa Songea alilipia doti mbili. Fedha zilitoka kwenye simu yake na kuingia kwa mtoa huduma wa malipo, lakini ujumbe wa kulijulisha duka ulichelewa. Muda uliopangwa ulipita, oda ikafutwa, doti zikarudi kwenye akiba, na kabla ya jioni mteja mwingine alizinunua. Ujumbe wa malipo ulipofika hatimaye, ulikuta oda iliyokwisha kufutwa, na mfumo haukuwa na maelekezo ya kufanya katika hali hiyo. Haukufanya kitu. Mteja alipiga simu. "Dada," alimwambia muuzaji kwa upole uliotahayarisha, "mashine yenu imenifuta, lakini hela mnayo." Ilipofika wakati wa kurudisha fedha, mfumo ulikataa: haukuwa na kumbukumbu ya kupokea chochote kwa oda ile, basi ungerudisha nini? Oda mpya ya bandia iliundwa kwa mkono ili fedha ziweze kurudishwa kwa kumbukumbu inayoeleweka.

Katika tukio hilo mteja alikuwa na ushahidi bora kuliko duka. Alikuwa na namba ya muamala, saa na jina. Duka lilikuwa na neno "Imefutwa", ambalo shahidi wake alikuwa saa tu.

8.0 Mzigo na Kondakta

Upande wa mzigo, hali ni nyingine. Barua za Tanzania kwa muda mrefu zimeelekezwa kwenye masanduku ya posta, si kwenye milango ya nyumba, na Operesheni ya Anwani za Makazi iliyolenga kuipa kila nyumba anwani ilifanyika mwaka 2022. Kifurushi cha mkoani kwa kawaida hupanda basi. Muuzaji hukipeleka ofisi ya basi au kituoni, hulipia, hupewa risiti ya karatasi, huipiga picha na kumtumia mteja pamoja na namba ya simu ya kondakta au ya ofisi ya mzigo utakakoshukia. Mteja huenda kituoni, hujitambulisha, huchukua. Ni mfumo unaofanya kazi, na katika miji mingi ni wa haraka kuliko njia nyingine yoyote. Una mashahidi wake pia: karani wa ofisi ya basi, kondakta, mpokeaji. Hakuna hata mmoja wao anayetuma ujumbe kwa seva.

Hapo ndipo mfuatano uliogeuzwa unapoonekana kwa uzito wake. Duka linajua kwa nukta na dakika fedha zilipolipwa, na halijui lolote juu ya mzigo baada ya kutoka mlangoni. Muuzaji anayechoshwa na orodha ndefu ya oda zilizokwama kwenye "inashughulikiwa" huwa na njia mbili za kiotomatiki. Anaweza kuongeza kanuni kwamba malipo yakithibitishwa oda iwe "imekamilika" moja kwa moja, kana kwamba kitenge ni kitabu cha kielektroniki. Au anaweza kuweka kanuni ya muda, kwamba baada ya siku kadhaa oda ijikamilishe yenyewe. Njia ya kwanza humfanya shahidi wa malipo atoe ushahidi juu ya mzigo asiouona. Ya pili humwita tena yule shahidi wa Chicago. Zote mbili humwambia mteja kwamba amepokea, wakati pengine amesimama kituoni akimpigia simu kondakta asiyepatikana.

Sheria haikatai mashine kufunga mikataba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu matumizi ya mawasiliano ya kielektroniki katika mikataba ya kimataifa unasema, katika ibara ya 12, kwamba mkataba hautakosa uhalali kwa sababu tu hakuna mtu aliyepitia kila kitendo cha mfumo wa kiotomatiki. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, ambayo inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Lakini kutambuliwa kwa kumbukumbu kunaongeza uzito wa swali la shahidi badala ya kuliondoa. Neno "Imekamilika" lenye tarehe na saa, lililochapishwa kutoka kwenye mfumo, linaonekana kuwa imara kuliko maneno ya mteja aliyepoteza risiti ya basi. Anayelitathmini anapaswa kujua kama neno hilo lilitokana na saini ya mpokeaji, na ujumbe wa malipo, au na kupita kwa siku saba.

Programu zenyewe zina mahali pa kuandika jambo hilo, ingawa hapatumiki ipasavyo. WooCommerce, kwa mfano, huweka chini ya kila oda maelezo mafupi yenye tarehe kila hali inapobadilika, na humruhusu muuzaji kuongeza yake, yakiwa ya siri au ya kuonwa na mteja. Baada ya tukio la Songea, duka lile la vitenge liliondoa kanuni ya kujikamilisha. Oda ya mkoani ilibaki "inashughulikiwa", na chini yake muuzaji aliandika jina la basi, namba ya risiti na saa ya kuondoka. Ilipandishwa kuwa "imekamilika" pale tu mteja alipopiga simu au kuandika kwamba amepokea, na maneno yake yalinakiliwa kama alivyoyasema. Orodha ya oda zilizosubiri ilirefuka. Wengine hawakupiga simu kamwe, na ndugu yangu alitenga saa moja kila Jumamosi kuwapigia yeye.